Taa Isiyowaka

Mjukuu wangu anajifunza kuendesha gari. Mwalimu wake wa udereva humfundisha barabarani. Mimi humfundisha gari likiwa limesimama, jambo ambalo yeye huliona ni la kizee. Humketisha mbele ya usukani, gari letu likiwa limeegeshwa ubavuni mwa nyumba hapa Kariakoo, limebanwa na mikokoteni mbele na marobota ya mitumba nyuma, kisha humwambia azungushe ufunguo nusu tu, asiwashe injini. Taa za dashibodi huwaka zote kwa mara moja, nyekundu na za manjano, kama darasa ambalo kila mwanafunzi amenyoosha mkono. Ndipo humwuliza moja moja. Hii yenye umbo la birika ni ya nini? Ya oili. Ikiwaka tukiwa safarini utafanya nini? Nitaegesha pembeni na kuzima injini pale pale, Babu, sitasema ngoja nifike nyumbani. Vema, kwa sababu injini iliyokosa msukumo wa oili hunoki kwa dakika chache, na bei ya injini unaijua. Na hii yenye alama ya kujumlisha na ya kutoa? Ya betri.

"Si ya betri hasa," humsahihisha. "Ni ya chaji. Inakuambia kama altaneta inailisha betri, au betri inajila yenyewe."

Mambo haya si magumu, ila watu wengi huendesha gari miaka thelathini bila kuambiwa. Betri ya gari dogo ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, hata ikijaa huwa na volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka, mkanda huizungusha altaneta, nayo hutoa volti kati ya 13.5 na 14.5, na umeme hutiririka kutoka penye nguvu kubwa kwenda penye nguvu ndogo, yaani kwenye betri. Katika magari ya zamani, taa ya chaji ilifungwa katikati ya hao wawili. Altaneta ikiwa imelala, umeme wa betri hupitia kwenye taa, nayo huwaka. Altaneta ikiamka, nguvu za pande mbili hulingana, hakuna cha kupita, taa huzimika. Kwa hiyo taa hiyo ina kazi mbili: kwanza huwaka kabla ya safari kukuonyesha kwamba yenyewe ni hai, kisha huzimika kukuonyesha kwamba mambo ni salama. Taa ambayo haikuwaka kabisa haijakuambia lolote. Watu huichukulia kuwa imesema "salama," kumbe imenyamaza tu.

Juma lililopita, tukiwa katika somo hilo, binti aliniuliza, "Sasa Babu, kama balbu yenyewe imeungua, dereva atajuaje?"

Nikamjibu kwamba ndiyo sababu tunaanza na ufunguo nusu.

"Na kama mtu ameitoa makusudi?"

Nikamwambia jua limekuwa kali, twende ndani tukanywe chai. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na ndiyo maana naandika kurasa hizi, kwa kuwa swali lile nina deni nalo tangu mwaka 1996.

Mwaka huo nilikuwa makamu mkuu wa chuo cha ualimu, nikifundisha falsafa ya elimu, na familia yangu ikiishi hapa hapa Kariakoo. Nilikuwa na gari dogo la Kijapani, kuukuu, moja katika yale yaliyoanza kumiminika bandarini baada ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Msomaji kijana huenda asielewe gari lilimaanisha nini kwa watu wa rika langu. Sisi tulitoka katika miaka ambayo mtumishi wa kawaida hakuwaza kuwa na gari, na hata wachache waliokuwa nalo kuna wakati walikatazwa kulitembeza Jumapili alasiri ili taifa liokoe mafuta. Mtu aliyepata gari hakuuliza linafanyaje kazi. Alishukuru Mungu na kulipangusa vumbi.

Mnamo Aprili, taa ya chaji ikaanza kuonyesha wekundu hafifu, kama kaa lililofunikwa na majivu. Mchana haukuonekana. Usiku ulionekana, na mke wangu kila tulipopanda gari aliniuliza ile ni nini. Nikalipeleka gari Gerezani kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, mzee aliyefanyia kazi kwenye kibanda cha mabati, ambaye vifaa vyake vyote vilienea katika kopo la maziwa: plaizi, bisibisi, na balbu moja yenye nyaya mbili aliyopimia kila kitu. Alinikalisha kwenye benchi nisubiri zamu.

Aliyenitangulia alikuwa dereva wa daladala ambaye taa zake za mbele zilikuwa zikizimika. Fundi alifungua kisanduku cha fyuzi, akachomoa moja, akamwonyesha: ilikuwa imevishwa ile karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Mzee aligomba hadi watu wakageuka. "Fyuzi imewekwa ili iungue! Ikiungua inakuambia kuna shoti mahali. Wewe umeivisha karatasi, sasa si fyuzi tena, ni waya, na waya huu hautaungua mpaka uunguze gari pamoja na abiria." Nilitikisa kichwa kwa masikitiko, mimi mtu wa elimu, nikiwaza jinsi watu wetu wanavyopenda kuishi kwa kubahatisha. Namkumbuka yule dereva kwa sababu nilimcheka moyoni, na zamu iliyofuata ilikuwa yangu.

Fundi aliniambia kaboni za altaneta zimelika. Kaboni ni vipande viwili vidogo vinavyosugua pete zinazozunguka, ili kupeleka umeme mdogo ndani ya altaneta. Vikilika, umeme hufika kwa kurukaruka, na siku moja haufiki. Kaboni mpya pamoja na kazi yake, shilingi 6,000. Mshahara ulikuwa haujatoka, na ada ya mtoto wa pili ilikuwa inadaiwa. Nikamwuliza kama gari litatembea. Akasema, "Litatembea, ila usiliamini." Basi nikamwomba kitu kidogo: aitoe ile balbu, mke wangu apate kupumzika.

Alicheka, akidhani namtania. Alipoona sitanii aliacha kucheka.

"Mwalimu, hii taa si pambo. Huyu ni shahidi. Tena si shahidi tu, ndiye anayemwamsha altaneta. Ule umeme mdogo unaopita kwake ndio unaoanzisha kazi. Nikimtoa, kila asubuhi ukiwasha gari itabidi ukanyage mafuta mpaka lingurume, ndipo altaneta ijiamshe yenyewe. Usipokanyaga, utatembea mjini unakula betri tupu."

Nikasema nimeelewa, nitakanyaga. Akafungua dashibodi, akaitoa balbu, ndogo kama punje ya hindi, hakutaka hata malipo, akaniwekea kiganjani. "Usiipoteze. Ukipata hela, rudi."

Sikurudi. Mshahara ulipotoka palikuwa na mambo mengine, na mwezi uliofuata vivyo hivyo. Mguu wangu ulizoea upesi. Baada ya majuma matatu ulikuwa ukikanyaga mafuta kila asubuhi bila kuiuliza akili, gari likanguruma, siku ikaendelea. Mke wangu alifurahi kwamba gari limepona. Ile balbu niliitia katika kikopo cha filamu, pamoja na vifungo vya mashati.

Mwezi Julai nikaamua kuliuza. Mnunuzi alikuwa kijana aliyepata kuwa mwanachuo wetu, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Morogoro. Alikuwa amekopa katika chama chao cha kuweka na kukopa, na fedha zilikuwa ndani ya bahasha, zimefungwa kwa mpira. Alinisalimu kwa heshima ile ile ya darasani, shikamoo Mwalimu, akasimama mpaka nilipomwambia aketi. Tukateremka kuliona gari. Nikaingia mimi, nikaliwasha mimi, na mguu wangu ukakanyaga mafuta. Gari likanguruma vizuri sana. Kijana akatabasamu.

Akauliza, "Na upande wa umeme, Mwalimu?"

Nikamjibu, "Halijawahi kunilaza njiani."

Sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Nimeipima mara nyingi katika miaka hii na sijapata ndani yake neno moja la uongo. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na gari langu halikuhitaji kujitembeza, kwani lilikuwa limeoshwa na lilikuwa mali ya Mwalimu. Nikampunguzia bei kwa laki moja bila yeye kuomba, nikajiona mkarimu. Mtu anayepunguza bei bila kuombwa, hasa akiwa muuzaji, yafaa ajiulize kwa nini.

Naomba msomaji aukumbuke mwaka wenyewe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Viktoria ikikaribia Mwanza, na mamia ya ndugu zetu wakafa. Miezi ile hapakuwa na mazungumzo mengine katika chumba cha wakufunzi. Tulikuwa tukiulizana kwa hasira: nani alijua kwamba meli ina kasoro, akanyamaza? Nani aliona abiria wamezidi, akanyamaza? Nilizungumza kwa ufasaha kuliko wenzangu wote. Majuma machache baadaye nilipokea bahasha yenye mpira. Silinganishi gari na meli, wala hasara moja na msiba wa taifa. Nasema tu kwamba hasira yangu juu ya wanyamavu ilikuwa ya kweli, na haikunisaidia kitu.

Mwezi Septemba kijana alitoka Dar es Salaam jioni, akimrudisha mama yake nyumbani baada ya matibabu. Alikuwa dereva mpole. Aliwasha gari kwa upole na kulitembeza kwa upole katika foleni ya kutoka mjini, kama alivyofundishwa. Giza lilipoingia akawasha taa kubwa. Taa mbili za wati 60 hula ampea 10 kwa pamoja, na betri isiyolishwa haiwezi kuzibeba kwa muda mrefu. Mbele ya Mlandizi mwanga ulianza kuwa wa manjano, kisha mwekundu, kisha injini ikazima. Hakuwa na hata umeme wa kuwasha indiketa. Akamteremsha mama, akamketisha mbali na barabara, akaenda kukata matawi ayatandaze nyuma ya gari, kama tufanyavyo wote. Alikuwa bado na matawi mikononi lori lilipofika. Dereva wa lori alijitahidi kukwepa, lakini alilifagia gari ubavu mzima na kulitupa mtaroni. Hakuna aliyeumia. Gari halikufaa tena ila kwa vipuri.

Haya alinisimulia mwenyewe, mwezi Oktoba, akiwa ameketi sebuleni kwangu kwenye ncha ya kiti. Hakuja kulalamika. Alikuja kuniomba radhi. Alisema, "Mwalimu, uliniuzia gari zuri kwa bei ya huruma, nami nimeliharibu kwa uzembe. Nadhani niliacha kitu kikiwaka." Mkopo ulikuwa umebaki miezi kumi na tisa.

Nikamwambia, "Usijali, mwanangu. Ni bahati mbaya."

Nikitazama nyuma, sioni kwamba kosa langu kubwa lilikuwa ile siku ya kuuza. Siku ile nilificha kasoro ya gari, jambo ambalo hufanywa kila siku kuanzia hapa nilipo hadi Mtaa wa Shaurimoyo. Leo wapo vijana wanaorudisha kilomita nyuma kwa kompyuta, na wengine huunganisha taa ya mfuko wa hewa na taa ya oili ili ziwake na kuzimika pamoja, mnunuzi asijue kwamba mfuko wenyewe haufanyi kazi. Lakini ile siku ya Oktoba nilimwona mtu mwadilifu akijitwika lawama yangu, nikamsaidia kuifunga mgongoni.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa hoja, maana hoja ndizo zilizokuwa kazi yangu. Hoja ya kwanza ilikuwa ya sheria. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, tuliyoirithi kwa Waingereza, kwa jumla humwachia mnunuzi ajiangalilie mwenyewe pale anaponunua kwa mtu binafsi asiye mfanyabiashara wa bidhaa hiyo. Mimi sikuwa mwuza magari. Hoja ya pili ilikuwa ya falsafa, na hii nilikuwa nimeifundisha kwa miaka. Cicero, yule Mrumi, katika kitabu cha tatu cha De Officiis alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, anasimulia habari ya mfanyabiashara anayepeleka nafaka kutoka Alexandria hadi kisiwa cha Rhodes, ambako kuna njaa na bei ni ya juu. Anajua kwamba meli nyingine zimo njiani na shehena kama yake. Je, awaambie watu wa Rhodes, bei ishuke, au anyamaze auze? Cicero anawaleta wanafalsafa wawili wabishane, Diogenes wa Babeli na mwanafunzi wake Antipater. Diogenes anasema kunyamaza si kuficha: muuzaji ataje kasoro zinazotakiwa na sheria, asidanganye, basi. Antipater anasema mnunuzi ana haki ya kujua kila anachojua muuzaji, kwa kuwa binadamu wote ni jamii moja. Cicero mwenyewe anamwunga mkono Antipater. Wanachuo wangu walipenda sana mjadala huo, nami nilikuwa nikiwaacha wabishane mpaka kengele.

Basi nikawa mfuasi wa Diogenes. Nilinyamaza, nikajiambia, lakini sikuficha.

Aliyenivunjia hoja hii hakuwa mwanafalsafa. Ni jirani yangu wa hapa mtaani, muuza mchele, Mwislamu mcha Mungu. Siku moja nilikuwa dukani kwake akimhudumia mteja aliyetaka magunia kumi. Alimpa mteja bambo, kile chuma chembamba cha kuchomea gunia na kuchota kidogo cha ndani, akamwambia achome gunia analotaka, mahali anapotaka. Mteja alipoondoka nikamsifu. Akanisimulia habari iliyomo katika Hadithi, ya Mtume Muhammad (S.A.W.) kupita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akasema ni mvua iliyoinyeshea. Akaulizwa kwa nini basi hakuiweka ile iliyolowa juu, watu waione. Jirani yangu akaongeza, kwa maneno yake mwenyewe, kwamba mchele mbovu si dhambi, mvua ni ya Mungu; dhambi huanza pale unapougeuza chini.

Nikatoka dukani nikiwa nimeshika mfuko wangu wa kilo mbili, na pale kwenye baraza nikaona jinsi mambo yalivyokuwa. Diogenes asingenitetea. Yeye angalau aliiacha nyumba ilivyo, mnunuzi aingie na kutazama. Mimi nilikuwa nimemtoa nje shahidi. Isitoshe, nilikuwa nimeushika usukani mwenyewe siku ya kuonyesha gari, na mguu wangu ukafanya kile ambacho ulimi ulikuwa na adabu ya kutokifanya. Ulimi wangu ulisema kweli, mguu ukasema uongo, na kijana alinunua kwa ushahidi wa mguu.

Ipo na hoja ya bambo. Bambo la umeme wa gari lipo, nalo ni ule ufunguo nusu. Mtu anayejua angeuzungusha, angehesabu taa, angeona moja haiwaki, angeuliza. Kijana hakujua, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Nimesikia watu wakisema mnunuzi mjinga ajilaumu mwenyewe, na huenda neno hilo lina mahali pake sokoni. Mimi sikuwa nalo haki. Nilikuwa nimelipwa na serikali kwa miaka mingi kwa sababu moja tu, kwamba kutojua kwa wengine ni mzigo wangu.

Nilistaafu mwaka 2009. Mwaka 2011 nilikutana naye katika mazishi ya mkufunzi mwenzangu. Alikuwa ameshakuwa mwalimu mkuu, mvi zimeanza, bado ananiamkia kwa heshima ile ile. Tulikaa chini ya mwarobaini tukisubiri mwili ufike. Sikuwa nimepanga kusema. Nilimwuliza kama anakumbuka lile gari, akacheka, akasema nani atasahau deni la miezi kumi na tisa. Ndipo nikamweleza yote: kaboni, fundi, balbu, mguu.

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Balbu niliijua, Mwalimu. Yule aliyenunua mabaki ya gari alifungua dashibodi akanionyesha tundu tupu. Nikamwambia, loo, walimdanganya Mwalimu huko alikonunua."

Miaka kumi na mitano alikuwa ameukuta ushahidi wote, na akili yake ilikataa kuufikisha kwangu. Nikamwambia hapana, hakuna aliyenidanganya.

Akauliza, kwa sauti ya chini, bila ukali, "Sasa kwa nini unaniambia leo?"

Nimelitafakari swali hilo kuliko yote yaliyomo katika falsafa niliyosoma. Nikisema nilimwambia kwa sababu ni haki yake kujua, ataniuliza kama haki hiyo ilizaliwa mwaka 2011. Nikisema nilitaka kuutua mzigo, basi nimekiri kwamba nilimtua yeye. Kabla ya siku hiyo alikuwa na Mwalimu aliyetapeliwa. Baada yake akabaki na Mwalimu tapeli, na sijui faida yake ni ipi kwake. Wapo wanaosema ungamo lililochelewa ni ubinafsi mtupu na afadhali mtu afe nalo. Nimekaribia kuwaafiki. Kinachonizuia ni yale maneno yake ya mwaka 1996, kwamba aliliharibu gari kwa uzembe. Mtu aliyeishi miaka kumi na mitano akijiona mzembe, akiwaonya labda na wanawe wasiwe kama yeye, anastahili kuambiwa kwamba hakuwa mzembe, hata kama anayemwambia ni mtu asiyefaa na saa yenyewe imepita. Siwezi kusema kwamba jibu hilo linanitosha. Siku ile, chini ya mwarobaini, sikulipata hata hilo. Nilisema tu, "Sijui, mwanangu," na mwili ukafika, tukasimama.

Baadaye nilimtumia fedha kwa simu, mara tatu, kadiri pensheni ilivyoruhusu, hadi ikafika hesabu niliyoona inakaribia hasara yake. Hakuzirudisha. Hakuandika neno. Wakati wa sikukuu, ambapo zamani hakukosa kunipigia, simu ikaacha kulia. Sina la kulalamikia.

Yule fundi nilimtafuta Gerezani nikamkosa. Mahali pa kibanda chake pamejengwa, na tangu mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi hupita karibu na hapo, marefu kama gari moshi. Nilitaka kumwambia kwamba sikuipoteza.

Jana asubuhi nilishuka na kile kikopo cha filamu. Mjukuu wangu alikuwa ameshakaa mbele ya usukani, mkanda amefunga, ingawa hatuendi popote. Nikamwekea balbu kiganjani, nikamweleza niliyoyaandika hapa, kwa ufupi, bila Cicero. Aliigeuzageuza kwenye mwanga. Aliuliza maswali mawili, moja kuhusu mama wa yule kijana, kama alifika nyumbani usiku ule. Nikamwambia walifika kesho yake saa nne. Akairudisha balbu katika kikopo, akazungusha ufunguo nusu, akahesabu kwa kidole.

"Sita, Babu. Zote zinawaka."

Nikamwambia ahesabu tena. Ya hendibreki alikuwa ameiruka.